Ng'ombe Walimjua Obiero

Dalmas Obiero aliacha shule kwa sababu ya mamba. Ilikuwa mwaka 1980, naye alikuwa darasa la sita. Baba yake alikuwa ameshakufa, kwa hiyo yeye, dada yake na mama yao, Selpha, waliishi chini ya Oketch, kaka mkubwa wa marehemu, katika boma lililo ubavuni mwa kilima cha Usenge. Jumamosi moja Obiero aliwateremsha ng'ombe wa Oketch ziwani wakanywe. Mtamba mmoja mwekundu akaingia majini kuwapita wenzake, na mamba akamdaka mdomo. Obiero alishika mkia akavuta huku akipiga mayowe. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walikuja mbio, wakamtoa yeye kwa nguvu, maana hakutaka kuuachia ule mkia. Mtamba akaenda na maji.

Watu walidhani Oketch atamchapa. Hakumchapa. Aliingia nyumbani kwa Selpha, akatwaa shati na kaptura ya shule ya mtoto, akaiepua sufuria motoni, akaweka nguo mahali pake. Alisimama pale mpaka zikashika moto sawasawa.

"Shule yake imeliwa na mamba," alimwambia Selpha. "Kesho atoke na ng'ombe. Na keshokutwa pia."

Selpha aliirudisha sufuria motoni. Alikuwa mjane katika boma la shemeji yake, na alijua kwamba akifukuzwa hakuna mtu wa kumpokea.

Basi Obiero akawa mchunga ng'ombe, na kwa bahati mbaya au nzuri akaipenda kazi yenyewe. Sisi tuliokua naye tunakumbuka mluzi wake. Haukuwa wimbo. Ulikuwa sauti mbili tu, moja ya chini na nyingine ya kupanda, lakini ng'ombe wakiusikia waliinua vichwa, nyasi zikining'inia midomoni, wakaja. Hata ng'ombe wa maboma mengine walikuja, na jambo hilo lilileta ugomvi zaidi ya mara moja. Alimjua ng'ombe mwenye kupe sikioni kabla hajaanza kutikisa kichwa. Ndama aliyekataa kunyonya alimlaza mapajani, akamtilia maziwa mdomoni kwa vidole. Oketch alijisifu kanisani kwamba ng'ombe wake wananenepa hata kiangazi. Hakumtaja anayewachunga.

Dada yake Obiero, Dorca, alipoolewa upande wa Bondo, ng'ombe wa mahari walifika wakiswagwa na vijana wa kwa mume, ng'ombe wazuri wenye viwele vikubwa. Kwetu hakuna asiyejua ng'ombe wa namna hiyo ni wa nani. Ni wa ndugu ya yule binti, ili naye apate kuoa. Oketch aliwapokea, akawapapasa migongo mmoja mmoja, akawaingiza bomani kwake wakachanganyika na wake. Obiero akangoja aambiwe neno. Mwaka ukapita, na mwingine. Ndevu zikamtoka. Mwishowe akaenda mwenyewe.

"Baba, nataka kuoa," alimwambia Oketch. Alimwita baba, kama desturi inavyotaka.

"Oa. Nani amekukataza?"

"Ng'ombe wa Dorca..."

"Dorca alikula chakula cha nani mpaka akawa mwanamke?" Oketch aliuliza. "Na wewe unakula cha nani? Nenda, ng'ombe wamesimama juani."

Alikwenda. Kila asubuhi tangu siku hiyo alitoka na ng'ombe wake mwenyewe akiwachunga kama kibarua, na kila jioni akawarudisha kwenye boma la mtu mwingine.

Mwaka 1985 chifu alitangaza barazani kwamba jeshi litaandikisha vijana Kisumu. Asubuhi ya siku yenyewe Obiero alikamua, akampelekea mama yake maziwa, akasimama mlangoni.

"Mama, naenda Kisumu. Naenda kuwa askari."

"Askari huuawa, baba."

"Nikirudi utakuwa na nyumba yako."

Selpha alimpa viazi vilivyolala. Ng'ombe walibaki wamefungiwa bomani wakilia hadi saa sita mchana, wakati Oketch, mwenye magoti mabovu na wana walio shule za bweni, alipotambua kwamba itambidi awatoe mwenyewe.

Uwanjani Kisumu waliwakimbiza vijana raundi baada ya raundi. Wenye vyeti na viatu vya raba walianguka mmoja mmoja pembeni wakitapika. Obiero alikimbia peku, kama alivyozoea kumfuata ng'ombe mkorofi mlimani, na walipoambiwa wasimame alikuwa bado anapumua kwa pua. Sajini mnene alimpanua mdomo kwa vidole akahesabu meno yake, akamgonga kifua.

"Kazi yako nini?"

"Kuchunga ng'ombe, afande."

Wenzake walicheka. Sajini naye alicheka. "Vizuri. Sasa utachunga watu."

Mafunzo yalimbadilisha, kama yanavyombadilisha kila mtu. Walipigwa na wakafundishwa kupiga. Waliogeshwa tope alfajiri, wakaambiwa mama zao ni nani na dada zao ni nani, mpaka tusi likawa kitu kama salamu. Rafiki yake mkubwa huko alikuwa Wepukhulu, kijana wa Bungoma mwenye mzaha mwingi, ambaye baadaye ndiye aliyetuletea habari tulizo nazo. Wepukhulu anasema kwamba Obiero hakulalamika hata siku moja. Alikuwa akiweka tu.

Tuliliona alilokuwa akiliweka aliporudi likizo, mwaka 1987. Alipanda kilima na sare yake yote, kofia imekaa upande, buti zinang'aa. Watoto walimfuata. Oketch alikuwa ameketi kivulini nje ya nyumba yake, akanyanyuka kwa taabu kumpa mkono.

"Mwanangu! Umekuwa mtu!"

Obiero hakuupokea ule mkono. "Ruka," alisema.

"Nini?"

"Chuchumaa, shika masikio, uruke kichura. Mpaka kule zizini."

Oketch alitazama huku na huku. Tulikuwa pale, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyesogeza mguu, kwa sababu ya zile nguo. Mzee alichuchumaa. Magoti yalilia kama kuni kavu. Aliruka, akaanguka kwa mikono, akaruka tena, mate yakimtoka, na Obiero akatembea polepole kando yake. Selpha alikuja akikimbia kutoka mtoni na maji yakimwagika kichwani.

"Obiero! Huyo ni baba yako!"

"Najua, Mama. Ndiyo maana sijampiga."

Walipofika zizini, alifungua mlango, akapiga mluzi wake, na ng'ombe wa Dorca na uzao wao wakatoka. Wa Oketch wakatoka nao pia, maana wote walimjua yeye, na ikabidi awarudishe kwa fimbo wasiokuwa wake. Oketch alikuwa bado ameketi mavumbini. Mkojo ulikuwa umemtoka. Tangu siku ile alitembea na mikongojo miwili, na Selpha hakumwita tena mwanawe baba, kama alivyozoea.

Kwa ng'ombe wale alimwoa Lornah, binti mcheshi aliyekuwa akinunua omena ufuoni Usenge na kuwapeleka Mamboleo, pale njia panda ya Kisumu, kuwauza. Alimjengea nyumba ya bati chini kidogo ya boma la zamani, akamjengea mama yake nyingine. Walipata mtoto wa kike. Akija likizo alivua sare siku ileile, akavaa kaptura kuukuu, akatoka na ng'ombe hadi jua lizame. Lornah alikuwa akimtania kwamba amekuja kuwatembelea ng'ombe, si yeye. Watu walianza kusahau mambo ya Oketch, au kusema kwamba mzee aliyataka.

Kisha serikali ya nchi jirani ikaanguka, bunduki zikavuka mpaka kwa wingi kama bidhaa za magendo, na mwaka 1992 kikosi cha akina Obiero kikapelekwa kaskazini, kwenye kisima ambacho jina lake Wepukhulu hakuwahi kuweza kulitamka. Palikuwa na kisima kirefu, mabirika ya udongo ya kunyweshea mifugo, miiba, na barabara ya mchanga. Majambazi walivizia magari kwenye ile barabara. Mwezi wa pili wa kikosi pale, majambazi waliliteketeza lori moja la jeshi na watu wote waliokuwamo.

Mkubwa wao, Kapteni Bildad, alikuwa mtu mtulivu asiyepandisha sauti. Alisema kwamba majambazi hawali mchanga; kuna watu wanaowapa maziwa na nyama. Watu waliokuwa karibu ni wafugaji waliopiga kambi mwendo wa asubuhi moja kutoka kisimani. Ikatoka amri mifugo yao ikamatwe.

"Nani hapa anajua ng'ombe?" Kapteni aliuliza.

"Obiero, afande," Wepukhulu alijibu. "Ng'ombe wanamsikia kuliko sisi tunavyokusikia wewe." Wanajeshi wakacheka, na hata Kapteni alitabasamu.

Kwa hiyo Obiero ndiye aliyewaleta. Askari wengine waliwazuia wenye mifugo kwa bunduki, naye akaingia katikati ya ng'ombe. Walikuwa wembamba, wenye pembe ndefu, rangi ya majivu, na hawakuwa wamekunywa kwa siku kadhaa, kwa sababu jeshi lilikuwa limekalia kisima. Mwanzoni walizunguka ovyo kwa hofu. Alisimama kimya, akawaacha wamnuse, akapiga mluzi, sauti ya chini na sauti ya kupanda. Wakamfuata. Wepukhulu, aliyekuwa juu barabarani akilinda lori, aliwaona wakija nyuma ya mtu mmoja, msururu mrefu kwenye vumbi, bila kuchapwa.

Mzee mmoja aliwafuata kwa miguu. Ndevu zake zilikuwa zimepakwa hina, na kiunoni alikuwa na kibuyu cha maji. Askari walimfukuza mara mbili, akarudi. Mwishowe akawa anatembea karibu na Obiero.

"Wewe najua ng'ombe," mzee alisema. "Mimi naona mkono yako. Baba yako iko na ng'ombe?"

"Iko."

"Hawa nataka maji. Leo hapana kunywa, kesho nakufa. Wewe sema na mkubwa."

Obiero alimwendea Kapteni Bildad, akapiga saluti. "Afande, hawa ng'ombe wana kiu sana. Naomba wanywe kwanza."

Kapteni alifikiri. Alitazama mabirika, jinsi yalivyopangwa kwa mstari kando ya kisima.

"Wazo zuri," alisema. "Wakipanga mstari kunywa ndiyo itakuwa rahisi. Wajazie maji, uwaite."

Obiero alielewa. Wepukhulu anasema hata kule juu barabarani aliona kwamba ameelewa, kwa vile alivyosimama. Angeweza kukataa, na kukataa amri mbele ya adui kulikuwa na adhabu yake, ambayo walifundishwa siku ya kwanza. Hakukataa. Waliteka maji, mabirika yakajaa. Ng'ombe waliyanusa wakaanza kulia, lakini walimwogopa kila askari aliyesimama pale, wakabaki mbali wakitetemeka. Basi akapiga mluzi.

Walikuja mbio. Waliinamisha vichwa bega kwa bega, na Obiero akatembea nyuma yao akiwasogeza walegevu wapate nafasi, kama alivyokuwa akifanya ufuoni kwetu. Kisha akaambiwa aondoke kwenye mstari, na bunduki kubwa ikaanza.

Haikumalizika haraka. Wengine waliangukia ndani ya mabirika, wengine waliburuta miguu ya nyuma kwenye mchanga. Kapteni alimwambia Obiero amalizie. Alipita kati yao na bunduki yake, akaweka mtutu nyuma ya sikio la kila mmoja, akafyatua. Walimgeukia alipokaribia. Mzee wa ndevu nyekundu alikuwa ameketi chini mbele ya jiwe, wala halii. Obiero alipomfikia, mzee alimuuliza, "Jina yako nani?"

"Obiero."

"Obiero," mzee akarudia, polepole, kama mtu anayejifunza neno.

Kapteni Bildad alikuwa mtulivu lakini hakuwa mtu wa mifugo. Damu na vinyesi viliingia kisimani. Mizoga ikavimba juani, nayo ilikuwa mingi mno kuzikwa na mizito mno kuburutwa mbali. Baada ya siku chache maji yalinuka, na askari walioyanywa wakaanza kuhara damu. Ikabidi lori la tangi liende kisima kingine, mbali, kwa ile barabara ya mchanga, mara kwa mara. Obiero alipangwa kulisindikiza. Hakuwa akila. Usiku walimsikia akijikuna mikono. Wepukhulu alijaribu mzaha wake wote, akaacha.

Walishambuliwa wakirudi na tangi limejaa. Dereva, Shitanda, alipigwa kichwani, lori likapinduka. Mguu wa Wepukhulu ukabanwa chini ya chuma, akazirai. Alipozinduka, kulikuwa kimya. Majambazi walikuwa wamechukua bunduki, buti na betri ya gari, wakaenda. Obiero alikuwa amelala wazi, karibu tu, lakini si mahali Wepukhulu angeweza kufika. Risasi ilikuwa imemwingia tumboni. Tangi lilikuwa limetobolewa, na maji yalikuwa yakitoka kwa michirizi myembamba, yakifanya kidimbwi upande wa pili wa lori, yakinywewa na mchanga.

Jua lilipanda. Obiero aliomba maji, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwao. Alijaribu kujivuta kuelekea kidimbwi, matumbo yakamzuia.

Alasiri mbuzi walitokea. Nyuma yao alikuja yule mzee wa hina, pamoja na msichana aliyebeba fimbo. Mbuzi walizunguka lori wakaenda moja kwa moja kwenye maji, wakanywa, na mzee akawaacha wanywe. Alimwona Wepukhulu kwanza. Alipiga magoti, akafungua kibuyu, akamwinua kichwa, akamnywesha taratibu, akimwondolea mchanga midomoni kwa kidole.

"Mzee," Wepukhulu alisema alipopata sauti, "mpe na yule. Yule pale anakufa."

Mzee aligeuka akatazama. Aliinuka akaenda, akasimama juu ya Obiero, kivuli chake kikamfunika uso.

"Obiero," alisema.

"Maji, Baba," Obiero alisema. "Maji."

Mzee alichuchumaa. Alikaa hivyo kitambo kirefu, kibuyu kikiwa mkononi. Msichana alisema kitu kwa lugha yao, kwa sauti ya kusihi, naye akamjibu neno moja kali.

"Mimi hapana ua mtu," alimwambia Obiero. "Mimi naona tu."

Na akaona. Obiero alilamba midomo, akainua mkono kukigusa kibuyu, na mzee akakisogeza nyuma, si kwa hasira, kiasi tu cha kutofikiwa. Wepukhulu alipiga kelele, akatukana, akalia, akaomba kwa jina la Mungu wa mzee na wa kwake. Mzee hakugeuka. Mbuzi walipomaliza kunywa wakaanza kutawanyika, msichana akaenda kuwakusanya. Mkono wa Obiero ulikuwa umeanguka. Alikuwa bado anasema, lakini kwa Kijaluo na kwa haraka, kama mtu anayezungumza na watu wengi walioko chumbani, na kati ya maneno yote hayo Wepukhulu alilijua moja tu, pi, yaani maji. Mzee aliondoka kabla hajanyamaza. Wenzao walipowafikia kesho yake, walimkuta Wepukhulu hai na Obiero amekauka macho wazi.

Sanduku lilifika Usenge limepigiliwa misumari, likiwa na bendera. Ofisa kijana alisema marehemu alianguka akipigana kishujaa. Selpha alitaka lifunguliwe amwone mtoto wake. Ofisa akasema haiwezekani, siku zimepita nyingi. Selpha alilikumbatia sanduku akalinusa kwenye maungio ya mbao, na wanawake wakambandua.

Kwa kuwa alikuwa mwanamume aliyekufa vitani, vijana walifanya ile desturi ya kuwatoa ng'ombe mbio hadi mpakani mwa kijiji wakiimba nyimbo za vita, kulifukuza lile lililomuua. Ng'ombe wa Obiero walitangulia. Jioni waliporudishwa, wanawe Oketch walisimama njiani na marungu, wakawageuza kuelekea boma la juu. Oketch alikuwa ameketi mlangoni, mikongojo mapajani, akielekeza kwa kidevu.

Hakuna aliyebisha. Baada ya matanga mwana mkubwa wa Oketch alikuja nyumbani kwa Lornah, akaning'iniza koti lake ukutani, akasema ameletwa na ukoo kumrithi. Lornah alilitupa lile koti nje. Kesho yake bati liling'olewa juu ya kichwa chake, mtoto akiwa bado kitandani. Aliteremka kilima na mtoto mgongoni.

Wepukhulu alikuja mwaka uliofuata, anachechemea, akamkuta Selpha peke yake. Alikuwa ameambiwa na wakubwa wake asiongee. Aliongea tangu asubuhi hadi mchana, hakuficha ng'ombe, hakuficha kisima, hakuficha kibuyu. Selpha alisikiliza akichambua omena. Wepukhulu alipomaliza, mama alimuuliza kama yule mzee alikuwa na watoto wengine zaidi ya yule msichana. Wepukhulu alisema hajui. Selpha akampikia, akamwangalia akila mpaka sahani ikaisha, kisha akatuita sisi majirani, akamtaka aanze upya.

Lornah naye aliambiwa. Yuko Mamboleo hadi leo, anauza nyanya pale njia panda, na binti yake humsaidia kufungua magunia. Mteja akimuuliza mumewe alikufaje, hujibu kwamba alikufa kazini, kisha humuuliza kama anataka nyanya za kupika au za kachumbari.